Karani Aliyeusahau Mji

Ukipata kazi ya mshahara kwetu Ikonge, wanaojua kwanza ni watatu: wewe, Mungu na Karani. Mama yako ni wa nne. Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa msichana, na ndivyo ilivyobaki hata baada ya Karani kustaafu. Barua ya kazi uliikunja ukaificha ndani ya Biblia, ukapanda kile kilima chenye majani chai pande zote mbili mpaka kwenye veranda yake, na kabla hujabisha hodi mara ya pili, sauti ilikuwa imeshakuuliza kutoka ndani: "Ghafi au mkononi?"

Ghafi ni mshahara kama ulivyoandikwa kwenye barua, ule unaowafanya shangazi zako wapige vigelegele. Mkononi ni kinachobaki baada ya kodi ya mapato, bima ya afya, akiba ya uzeeni, ushuru wa nyumba na kitu kingine chochote ambacho serikali imekikumbuka mwaka huo. Karani aliamini kwamba nusu ya ugomvi wa familia za Wakisii unatokana na watu kupanga maisha kwa ghafi na kuyaishi kwa mkononi. Nusu nyingine alisema ni mipaka ya mashamba, na hiyo haikuwa idara yake.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha chai tangu kabla sijazaliwa. Jina lake la ubatizo lilibaki kanisani na kwenye kitambulisho. Alikuwa mfupi, mwenye mabega yaliyoinama kidogo upande wa kulia, upande wa mkono wa kuandikia. Alivaa tai kila siku ya kazi, na alipostaafu akaendelea kuivaa, hata akienda kumkamulia mkewe ng'ombe. Sikioni kulikaa penseli. Sikuwahi kumwona na kalamu ya wino. Nilipomuuliza sababu, nikiwa bado shule ya msingi na mdomo wangu haujajua mipaka, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana pua.

"Kalamu ni ya watu wasiokosea," alisema. "Mimi nina kifutio."

Hesabu yake ilikuwa na utaratibu ambao hakuubadilisha kwa mtu yeyote, awe mwalimu mkuu au kijana wa kuosha magari. Karatasi ilikuwa ya kiwandani, zile kubwa zilizotumika upande mmoja. Alichora mstari katikati kwenda chini. Kushoto aliandika unachopewa, kulia aliandika unachokatwa. Kisha alianza kukueleza kodi ya mapato, na hapo hukuwa na ruhusa ya kuharakisha. "Mshahara wako ni vikombe vya chai," alikuwa akisema. "Kikombe cha kwanza serikali inaonja tu. Cha pili inakunywa. Cha tatu, hapo sasa inavuta kiti, inakaa." Watu walicheka, lakini waliondoka wameelewa kwamba anayelipwa zaidi hakatwi zaidi kwenye kila shilingi, ila kwenye zile za juu tu. Nimekaa na watu wenye digrii ambao hawajui hilo mpaka leo.

Mwisho wa yote alifika kwenye tarakimu ya chini kabisa, akaipigia mistari miwili. Ile mistari miwili ndiyo iliyokuwa muhuri wake. Karani akishapiga mistari miwili, baba yako aliweza kwenda kukopa, na dada yako aliweza kuambiwa apeleke fomu chuoni.

Kuna mwalimu mmoja kijana aliyekuwa anaoa kijiji cha Kiogoro. Siku ya mazungumzo ya mahari, mjomba wa bwana harusi alisimama kwa majivuno akatangaza mshahara wa mpwa wake mbele ya wazee wa upande wa pili. Aliutangaza ghafi. Karani, ambaye alikuwa ameletwa kuongeza idadi tu, akakohoa. Mjomba akaendelea. Karani akakohoa tena, mpaka mzee mmoja wa Kiogoro akauliza kama mgeni anahitaji maji. Akaomba dakika tano, akatoka nje na wazee wawili, mmoja wa kila upande, na penseli yake. Waliporudi, ng'ombe wawili walikuwa wameondolewa kwenye orodha. Shangazi za bibi harusi walikaa miaka bila kumsalimia. Yeye mwenyewe alisema hakupunguza mahari, alisahihisha tu.

Kwa mambo hayo ungedhani alikuwa mtu wa kutangaza siri za watu. La hasha. Alijua mshahara wa kila mtu kutoka Ikonge mpaka karibu na mji wa Nyamira, na hakuna aliyewahi kuusikia wa mwenzake kutoka kinywani mwake. Mkewe, mama mcheshi aliyejua kila kitu kingine hapa duniani, hakuwahi kujua mshahara wa mumewe. Aliniambia mwenyewe huku akipepeta maharagwe: "Nimemzalia watoto watano. Wewe unafikiri ameniambia? Ananiambia, hii ni ya nyumba, hii ni ya kanisa, hii ni ya sukari. Nikiuliza jumla anaanza kutafuta miwani."

Alikuwa Msabato wa kweli. Kuanzia jua la Ijumaa linapozama hakugusa pesa, hakutaja pesa, hakuitazama hata karatasi yenye tarakimu za pesa. Watu wenye haraka walimtesa kwa hilo. Jumamosi moja, kati ya somo na mahubiri, baba mmoja alimsogelea kwenye benchi akamnong'oneza kwamba kijana wake amepata kazi ya ulinzi mjini Kisii na lazima ajibu siku hiyo hiyo, je, mkononi itabaki ngapi? Karani alitazama mbele, kwenye mimbari. Midomo ikacheza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Fungua wimbo namba kumi na nane."

Benchi nzima ikafungua kitabu. Yule baba peke yake ndiye aliyekifunga chake, akatabasamu, akatoka nje kupiga simu. Ilikuwa elfu kumi na nane. Tangu siku hiyo tulijua kwamba hata Sabato Karani anapatikana, mradi uwe na kitabu cha nyimbo, na yeye alikana kabisa kwamba amewahi kuvunja amri. "Nilimtajia wimbo," alisema. "Kama hakuuimba, shauri yake."

Jambo ninalolipenda zaidi kumhusu ni hili la mfagiaji. Hadithi hii nilisimuliwa na mfagiaji mwenyewe. Mwezi mmoja, zamani kiwandani, Karani alimkata makato ya mkopo ambao alikuwa amekwisha kuumaliza. Pesa zilikuwa chache. Mfagiaji hakuona, au aliona akaogopa kuuliza. Karani aliligundua kosa jioni, akirudia hesabu, kwa sababu alikuwa akirudia hesabu zote hata zikiwa zimelipwa. Mkubwa wake akamwambia waiweke kwenye mwezi ujao, ndivyo inavyofanyika. Karani akavua viatu vya kazi, akavaa gambuti, akatembea na mvua hadi nyumbani kwa yule mtu, akampa pesa kutoka mfukoni mwake, pamoja na kikaratasi cha penseli. Kikaratasi kiliandikwa: "Marekebisho. Sababu: kosa la karani." Akamfanya atie sahihi.

"Nikamwambia, Karani, si ungengoja tu," mfagiaji alinisimulia. "Akaniambia, wewe utakula nini ukiningojea?"

Hayo ndiyo niliyoyajua juu yake. Ndiyo maana niliposikia, nikiwa tayari ng'ambo, kwamba Karani ameanza kutoza watu pesa, sikuamini. Maisha yake yote hakuwahi kuchukua hata shilingi kwa zile hesabu za veranda. Ukimletea ndizi alizipokea, ukimletea noti aliikunja akairudisha mfukoni mwako. Kumbe sasa alikuwa amekodi kiti kwenye saiba ya sokoni, kile kibanda cha kompyuta, anawajazia walimu na madereva ritani za kodi, zile fomu za kila mwaka, kwa shilingi mia mbili kila mtu, na hata karatasi ya ghafi na mkononi alitaka mia. Aliuza pia ng'ombe mmoja, yule mweusi. Watu wakasema uzee umemwingiza tamaa. Wengine wakasema pensheni imeisha, amekula kwa ghafi kama sisi wengine. Rafiki yangu wa shule alinitumia ujumbe wa sauti akicheka: "Wewe, Karani wenu siku hizi ni mfanyabiashara! Mia mbili, cash, na hasikii maombi."

Niliudhika. Nilihisi kama mtu ameuza kitu cha kwetu. Baada ya miaka miwili hivi nikasikia ameacha, amerudi kwenye veranda, na hesabu ni bure tena. Watu wakasema labda kanisa limemkanya.

Sasa nije kwenye barua yangu mimi.

Nilikuwa nimesoma uuguzi, nikapata nafasi ya kwenda kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Ohio, Amerika. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, nacho ni ekari moja na kidogo ya majani chai ambayo yeye na baba waliipanda mche kwa mche. Kwetu majani chai ni mshahara wa mama, ni bonasi ya mwisho wa mwaka, ni kila kitu. Ili nipate nauli, viza na ada za mitihani, mama aliyakodisha kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka upande wa Nyamarambe, mwenye duka la mabati. Mapatano yalikuwa hivi: angeyachuma yeye, na sisi tungemrudishia pesa zake shilingi elfu thelathini kila mwezi kwa miaka miwili. Tukimaliza, majani yanarudi kwa mama. Tukipungukiwa hata mwezi mmoja, atayachuma miaka kumi.

Mama hakutia sahihi papo hapo. Alisema, "Ngoja kwanza Karani aseme."

Nilipanda kilima mara tatu wiki hiyo, mara ya mwisho pamoja na mama. Karani hakuwa mgeni wa mishahara ya Amerika. Nusu ya vijana wetu wako huko, na watoto wa binamu yake walikuwa wamemtumia majedwali ya kodi, naye akayachapisha pale saiba, akayatoboa na kuyashona kwa uzi. Aliandika mshahara wangu wa saa, akauzidisha kwa saa za wiki, akatafuta mwezi. Akaanza upande wa kulia.

"Huko kuna serikali mbili zinazokula," alinieleza. "Ya taifa na ya jimbo. Kila moja ina kikombe chake. Halafu kuna ya uzeeni na matibabu ya uzeeni. Hizo hawakusamehe."

Alifika mahali palipoandikwa kodi ya mji. Naikumbuka vizuri ile penseli. Ilisimama juu ya neno hilo, ikalipapasa kidogo, kisha ikalipita.

"Na hiyo, Tata?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa Kikisii.

"Hiyo ni ya wenye maduka," alisema bila wasiwasi. "Hata hapa kaunti inakata soko, inakata stendi, inakata leseni. Umeshaona kaunti inaingia kwenye mshahara ya mwalimu? Yaya, hapana. Mshahara ni ya wakubwa."

Mama akatikisa kichwa kukubali, na mimi pia. Nani kati yetu alikuwa ameona karani wa soko akimkata mtu mshahara? Anakuja na kijitabu cha risiti, anachukua yake kwa muuza ndizi, anaenda. Karani akaondoa kodi ya chumba nitakachoishi na wenzangu wawili, akaondoa chakula na basi. Akairudia hesabu yote kutoka juu.

"Thelathini itatoka," alisema. "Itatoka kwa shida, lakini itatoka." Akapiga mistari miwili. Mama akatia sahihi kwa mwenye mabati siku iliyofuata.

Mshahara wangu wa kwanza ulifika na kikaratasi chake. Taifa lilikuwepo. Jimbo lilikuwepo. Chini yao, kwa herufi ndogo, mji nao ulikuwepo, umekaa kwenye foleni kama wenzake: senti mbili katika kila dola. Nilihesabu kwa shilingi. Kwa mwezi ilikuwa elfu tano na ushee. Nilikaa kwenye kitanda changu nikitetemeka, na si kwa hofu peke yake. Ilikuwa Novemba, na hakuna mtu Ikonge aliyeweza kunieleza Novemba ya Ohio. Nilikuwa na sweta mbili za shule nimezivaa pamoja. Kituo cha basi kilikuwa mbali, na kazi ilianza kabla hakujapambazuka.

Hapa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka minane. Nilimpigia mama simu nikamwambia, "Mji umekata. Karani hakuhesabu mji. Nitaweza ishirini na moja tu." Mama akasema, "Sawa, mwanangu. Tuma hiyo." Yeye alisikia kwamba mji umekula elfu tisa. Mimi nilijua umekula tano. Zile nne zilikuwa za koti. Nililiona dukani, jekundu, zito, refu mpaka magotini, na mwenye duka aliniruhusu kulilipa kidogo kidogo. Nilisema nitalimaliza, halafu nitarudisha zile nne kwa mama. Nikalimaliza. Nne zikaenda kwa viatu, kisha nywele, kisha simu nzuri zaidi, kisha zikaenda tu, kwa mazoea, mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi nikauachia mji lawama yote.

Nilingoja habari kwamba majani yamechukuliwa kwa ile miaka kumi. Kila nikimuuliza mama alisema, "Tumeelewana na huyo mtu." Nikajiambia mwenye mabati ana moyo. Miaka miwili ilipokwisha, majani yalirudi. Nilimshukuru Mungu na mwenye mabati, kwa mpangilio huo, na dhamiri yangu nikailaza kwa nguvu.

Makaratasi ya kuniwezesha kwenda na kurudi yalichukua muda. Niliporudi nyumbani kwa mara ya kwanza, mwezi wa saba uliopita, mama alikuwa kwenye majani, kikapu mgongoni, vidole vinakimbia. Nilimsaidia kuchuma, taratibu, kwa vidole vilivyosahau kazi. Katikati ya mstari akaniambia bila kugeuka, "Umeshaenda kwa Karani?"

"Bado."

"Nenda. Lakini kwanza njoo nikuonyeshe kitu. Niliapa nisikwambie mpaka uje na miguu yako."

Alinipeleka ndani, akateremsha kutoka juu ya kabati mkebe wa majani ya kunywa. Ndani kulikuwa na vikaratasi vya penseli, vimefungwa kwa uzi. Vilikuwa ishirini na vinne. Kila kimoja kiliandikwa kwa mkono ule ule wa kuinamia kulia: "Marekebisho. Sababu: kosa la karani. Shilingi elfu tisa." Na chini, sahihi ya mama.

"Ile siku ulipiga simu nilimwambia," mama alisema. "Sikumlaumu, nilimwambia tu. Alikaa hapo ulipo. Akaniuliza, mji umekata ngapi? Nikasema tisa. Akasema, basi tisa ni yangu. Tangu hapo kila tarehe tano alikuja. Mvua, jua, alikuja. Akasema nisikusumbue mtoto uko na baridi ya watu."

Nilikaa chini. Nilimwona akiwa kwenye kile kiti cha saiba, na tai yake, akitoza walimu mia mbili huku wanamcheka. Nikamkumbuka yule ng'ombe mweusi. Nilijua aibu, lakini aibu ya aina ile sikuwa nimewahi kuionja. Mama sikumwambia. Kwanza nilikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Nilikwenda asubuhi ya Jumapili. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, ile baridi yetu ya mwezi wa saba, nami nilikuwa nimevaa lile koti kwa sababu ndilo zito nililokuwa nalo. Mfukoni nilitia bahasha yenye shilingi laki mbili na elfu kumi na sita, ambazo ni tisa mara ishirini na nne. Ndani ya Biblia nilitia kikaratasi cha mshahara wangu wa kwanza. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na nilipofika yote yalikuwa yametawanyika.

Alikuwa kwenye veranda, amekaa. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao. Macho ya Karani yalikuwa yameingia ukungu. Alitazama upande wangu lakini si mimi. Penseli ilikuwa sikioni. Nilibisha hodi mara moja.

"Ghafi au mkononi?" aliuliza.

"Mkononi, Tata," nilisema.

"Ah! Ni wewe." Akanyoosha mikono yote miwili. "Mbuya mono! Vizuri sana! Kaa. Kaa karibu, siku hizi watu ni vivuli. Ulikuja na ile karatasi ya kwanza?"

Nilishtuka. "Ulijuaje nimeihifadhi?"

"Kama si wewe nani ataihifadhi? Mimi ndiye nilikufundisha." Akanisogelea, na nikaona kwamba amekuwa akingoja kuuliza swali hili miaka yote. "Isome. Ya mji najua nilianguka. Lakini zile mbili nyingine, ya taifa na ya jimbo. Nilipata?"

Alitoa chini ya mto wake karatasi yetu ya zamani, ile ya mistari miwili, iliyochakaa kwenye mikunjo. Nilimsomea tarakimu za kikaratasi changu moja baada ya nyingine. Ya taifa alikuwa amekosea kwa dola tatu. Ya jimbo ilikuwa sawasawa. Akaomba nimshikie mkono, akaweka alama ya vema mbele ya taifa na mbele ya jimbo, taratibu, akacheka kwa furaha mpaka akakohoa.

"Dola tatu!" alisema. "Kutoka Ikonge! Sasa nisomee huo mji uliniangusha."

Ningeweza kusema tisa. Hakuwa anaona. Kikaratasi kilikuwa mkononi mwangu, na furaha yake ilikuwa usoni mwake wote.

"Tano," nilisema. "Tata, mji ulikata elfu tano. Zile nne zilikuwa zangu. Niliwadanganya. Wewe umelipa nne zangu miaka miwili, watu wakikucheka."

Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilijua anazidisha.

"Tisini na sita elfu," alisema.

"Ndiyo."

"Zilienda wapi?"

"Koti, mwanzoni. Baadaye viatu, nywele, simu. Nilizoea." Nilikuwa nalia waziwazi. Nilitoa bahasha nikamwekea magotini. "Zote zimo. Zako na zangu. Nisamehe, Tata."

Aliigusa bahasha, akaipima kwa kiganja, akanirudishia. "Peleka kwa mama yako anunue mbolea. Karani hachukui pesa ya makosa yake."

"Lakini zile nne hazikuwa kosa lako!"

Alinyoosha mkono akalishika koti langu kwenye kiwiko. Akalisugua kwa vidole viwili, polepole, kama wanavyofanya na jani la chai kituoni kabla hawajalikubali.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Ni zito," alisema. "Huko, baridi ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

Alitoa penseli sikioni. Akapapasa karatasi ya zamani mpaka akapata upande wa kulia, upande wa makato, nami nikamwongoza hadi chini ya chakula na basi.

"Nilikuandikia chumba," alisema. "Nikakuandikia chakula, nikakuandikia basi. Nikakutuma mtoto wa watu kwenye barafu bila koti. Hata mpumbavu angejua utanunua koti. Hiyo viatu na nywele, hiyo ni yako, utajibu mbele ya Mungu. Lakini koti ni kosa la karani." Akaandika koti, kwa herufi zilizopandana, akapiga mistari miwili.

Nilivua koti nikamfunika nalo mabegani. Nilidhani atalikataa kama alivyoikataa bahasha. Alivuta kola mpaka shingoni, juu ya tai, na mkono wake ukabaki kifuani ukiwa umelishikilia.

Nimerudi kazini sasa. Mama ananisimulia kwa simu kwamba kila Sabato Karani huingia kanisani akiwa amelivaa, jekundu, la kike, vifungo upande wa kushoto, penseli sikioni. Akina mama wanajizuia kucheka. Wiki iliyopita jirani yake wa benchi alishindwa kuvumilia, akamnong'oneza, jamani Karani, koti kama hilo ni pesa ngapi?

Karani alitazama mbele, kwenye mimbari asiyoiona.

"Fungua wimbo namba tisini na sita," alisema.